Piza ya Zanzibar: Forodhani au Ng'ambo? Na fundi nitamjuaje?

Mlo_wa_Jioni

Wakuu, salaam. Kuna wageni wanne wanavuka kwenda Unguja wiki ijayo: usiku mbili Mji Mkongwe, usiku mmoja Paje. Wanataka piza ya Zanzibar, ile ya kukunja na kukaanga kwenye chuma, siyo ya oveni. Huku Dar kila unayemuuliza ana lake. Mmoja anasema Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, kumeharibika, wanauziwa watalii mandhari. Mwingine anasema ukila kwingine hujala piza. Wa tatu anawapeleka watu Michenzani, huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe.

Naomba majibu yenye sababu. "Nenda kwa fulani" hainisaidii, maana muuzaji leo yupo, kesho kahamisha meza. Nipeni dalili za kumtambua anayejua kazi kabla hela haijatoka mfukoni. Mmoja kati yao hali nyama, na mwingine ana mzio mkali wa karanga, korosho na jamii yake yote. Bei nimetajiwa kuanzia elfu tano mpaka elfu kumi na tano, na sioni tofauti inatoka wapi.

---

Shangani_Usiku

Forodhani, wala si kwa sababu ya bahari.

Sababu ni mzunguko wa wateja. Piza hii ina vitu viwili visivyopenda kusubiri: donge na chuma. Donge linataka kupumzika muda wa saa moja mpaka nne ndani ya mafuta; likishinda tangu asubuhi kwenye joto la Unguja linalegea, linanata mikononi na kuchanika likivutwa. Chuma nacho kikipika mfululizo joto lake linatulia. Muuzaji anayepata mteja mmoja kila nusu saa anapunguza mkaa ili usiishe bure, halafu wewe ukitokea anaupepea kwa pupa. Matokeo: ganda jeusi, yai bichi katikati. Forodhani kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, fundi mzuri chuma chake hakikai kitupu hata dakika moja.

Usiwapeleke kabla ya magharibi. Meza zinaanza kupangwa jioni mapema na picha zinatoka nzuri, lakini moto bado haujakaa sawa. Ikiwa ni Ramadhani, mchana msahau kabisa; usiku kuna watu mpaka huoni pa kukanyaga.

Utaratibu wa kununua ni huu. Simama upande wa chuma, siyo upande wa mabakuli yaliyopambwa. Tazama piza mbili zikitoka na kukatwa. Zikikupendeza, uliza bei KWANZA, huku ukitaja kila kinachoingia: "nyama, yai moja, jibini, mayonezi pembeni." Bei hupandishwa na vitu vitatu: jibini, vya baharini (pweza, kamba, ngisi), na sura ya mgeni. Hicho cha tatu kinapungua sana akiulizia mwenyeji wao, au wakiuliza wenyewe kwa Kiswahili hata cha kubabaisha.

---

Mtu_wa_Ngambo

@Shangani_Usiku hapo kwenye mzunguko nakuunga mkono. Kwenye kilichomo ndani sikuungi.

Meza nyingi za Forodhani zimehamisha uzito kutoka kwenye nyama kwenda kwenye kabichi, karoti na mayonezi. Kabichi ni rahisi, inajaza, na mayonezi yanaficha kila kitu. Pasua piza ya kitalii uhesabu: nyama kijiko kimoja cha chai, kabichi konzi nzima. Tena kabichi mbichi ikipata moto inatoa maji, na maji hayo yanauchemsha mkate kwa ndani badala ya kuukaanga. Ndiyo maana unakuta ganda la chini limelegea na kushikana na karatasi.

Muuzaji wa Michenzani, au wale wa Darajani maduka yakishafungwa, wateja wake ni walewale kila siku. Akimpunja mtu nyama leo, kesho mtu huyo yuko kwa jirani. Kwa hiyo utakuta nyama, kitunguu, pilipili boga kidogo, pilipili mbuzi ukitaka, yai, basi. Bei nayo ni ya kibinadamu.

Kasoro zipo, nisijifanye. Aina ni chache, donge likiisha limeisha, na pa kukaa ni ubao wa kupokezana. Ukitaka piza ya embe na chokoleti usije kutusumbua.

Kwa wageni wako: usiku wa kwanza Forodhani wapige picha zao, usiku wa pili waje Ng'ambo wale.

---

Chuma_Moto

Mnabishania mtaa, na mafundi wazuri wapo mitaa yote miwili. Mlo_wa_Jioni kauliza dalili, tumpe dalili. Nazifuata kwa mpangilio ambao mtu atauona akiwa amesimama mezani.

Anza na bakuli la madonge. Yanatakiwa yawe yamezama nusu ndani ya mafuta, au yamepakwa mafuta kote, na yamefunikwa. Donge lililo wazi linaota ngozi kavu juu. Likivutwa, ngozi ile haivutiki, inapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa yai kutokea. Angalia pia kama kuna saizi mbili. Fundi anatengeneza donge kubwa la mkate wenyewe na donge dogo la kiraka. Asiye na madonge madogo anapika kwa kubahatisha, au anauvuta mkate mnene ili usitoboke.

Halafu tazama anavyovuta. Hatumii kifimbo cha kusukumia chapati. Anamimina mafuta kidogo juu ya meza, analikandamiza donge kwa vidole, kisha anasukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje huku akilizungusha, mpaka uone rangi ya meza kupitia kwenye unga. Upana unafika kama sentimita 28 mpaka 30. Ukingo huwa unabaki mnene. Fundi anaubana kwa vidole pande zote kabla ya kuweka chochote. Hilo la ukingo ndilo linalowatenganisha wajuzi na wanaojaribu, kwa sababu kingo nne zitakuja kulaliana katikati wakati wa kukunja. Kingo nene mara nne ni sawa na donge bichi katikati ya piza yako hata ukaange robo saa.

Kiraka kinakwenda katikati, upana wa kama sentimita 12. Kazi yake ni kubeba mzigo ili sehemu nyembamba isipasuke chuma kinapoivuta.

Mchanganyiko: mzuri unakorogwa kwenye kibakuli chake, kwa uma, papo hapo. Yai linavunjwa mbele yako. Ukiona ndoo ya mayai yaliyokwishapigwa na kuchanganywa na nyama tangu jioni, ondoka. Nyama ya kusaga iwe imeshapikwa ikakauka, rangi ya kahawia, chembechembe. Wapo wanaotia nyama mbichi. Inaweza kuiva, lakini inataka moto wa polepole na muda mrefu zaidi, na muuzaji mwenye foleni hana muda huo. Nyama mbichi ya kusaga na yai ni salama katikati ikifika nyuzijoto 71 za Selsiasi, na pale Forodhani sijaona mtu ana kipimajoto.

Mkunjo: ukingo wa juu, wa chini, wa kushoto, wa kulia, pande zikilaliana kwa kama sentimita mbili mpaka itoke bahasha ya mraba. Hewa isukumwe itoke kabla ya kufunga ule wa mwisho. Hewa iliyobaki inapanuka kwenye moto, inainua mkate, na upande ulioinuka haugusi chuma, unabaki mweupe.

Sasa chuma. Chuma kizuri ni kipana, na moto wake hauko sawa kote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Katikati ni moto mkali, pembeni ni wa wastani. Fundi anaweka piza katikati upande wenye mikunjo ukiwa chini, sekunde kama 40, ili mikunjo ishikane na kujifunga. Kisha anaisogeza pembeni ndipo iive ndani, anaigeuza mara mbili tatu, anamwagia mafuta kwenye kingo kwa kijiko, na mwishoni anairudisha katikati kupata rangi. Jumla dakika saba mpaka nane kwa ya nyama. Piza iliyotoka kwa dakika tatu haijaiva, hata iwe na rangi ya dhahabu namna gani.

Mkaa uwe umevaa jivu la kijivu na umetandazwa chini ya chuma chote. Mkaa mweusi unaotoa moshi bado haujawa tayari. Mafuta yenye povu na rangi ya chai ya rangi ni ya jana, na huenda yamekaanga samaki.

Ikishakatwa, tazama kipande cha katikati. Majimaji ya njano yakitiririka ni yai bichi. Mvuke ukitoka na yai likiwa limeshikana na nyama, kula.

---

Bondeni_Mswahili

Mwaongea mambo mengi, na mkate mayai wa Mombasa mmeupita kando.

Ni ndugu wa damu wa hiyo piza yenu, ila huku hatujaupamba. Nyama ya kima, yaani ya kusaga, yapikwa kwanza mpaka ikauke kabisa, na thomu, tangawizi, bizari na pilipili. Kitunguu chakatwa chembamba sana, chatiwa kibichi na dania nyingi mwishoni. Mayai yapigwa, yachanganywa na nyama, yamwagwa katikati ya mkate mwembamba, wakunjwa, wakaangwa kwa mafuta ya kutosha kuliko nyinyi. Haina kabichi, wala mayonezi, wala jibini. Waliwa na ndimu na chatini ya ukwaju.

Ubora wake ni ukavu. Nyama iliyokauka hainyang'anyani maji na yai, kwa hivyo mkate wabaki mkavu mpaka kipande cha mwisho. Mkitaka kuhukumu ipi bora, iacheni mezani dakika kumi kisha muishike mkononi. Mkate mayai wabaki wima. Piza yenu yainama.

Mahali ni Mji wa Kale na Bondeni, na mwezi wa Ramadhani ndipo utaupata kila kona jioni.

---

Mtu_wa_Ngambo

Kipimo cha dakika kumi nakikubali. Sema nani anaiacha piza dakika kumi?

---

Napoli_Damu

Samahanini, hiyo si piza. Piza ni unga wenye hamira, unaumuka, unaingia kwenye oveni ya kuni yenye nyuzijoto zaidi ya 430 na kutoka ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Hiyo yenu ni chapati iliyojazwa.

---

Chuma_Moto

Unayosema kuhusu Napoli ni kweli, na hakuna hapa aliyesema chuma ni oveni. Unga huu hauna hamira kwa makusudi: ukiumuka utatoa mapovu, mapovu yatatoboka ukivutwa mpaka kuwa karatasi. Jina lisikupe shida, wenyewe wameshazoea. Kwenye oveni zipo sehemu Mji Mkongwe, ila uzi huu haukuuliza hizo.

---

Mlo_wa_Jioni

Asanteni sana, hasa hilo la ukingo, sikuwahi kulifikiria. Maswali matatu yamebaki.

Za tamu (Nutella na ndizi, embe) ni kitu cha kweli au ni mchezo wa watalii? Huyu wa mzio nifanye naye nini? Na za baharini, je, kuna hatari?

---

Mutrah_Baharini

Niko Muscat, nijibu la kwanza. Watu wakisikia ndizi wanacheka kwamba ni mambo ya wazungu. Mutabaki, ambayo ndiyo mama wa piza hii na wa mkate mayai, inauzwa huku Bara Arabu kuanzia Yemen mpaka Hijazi, na mutabaki ya ndizi ni kitu cha kawaida kabisa Saudia: unga uleule mwembamba, ndizi mbivu, sukari au asali, samli. Hakuna mtalii aliyeileta. Chokoleti ya kopo ndiyo mgeni.

Ya nyama ina mayai, nyama ya kusaga na majani ya jamii ya kitunguu, inaliwa na ndimu na pilipili. Mkunjo ni mraba, sawa na huko. Wauzaji wazuri wa mutabaki hurusha donge hewani kulivuta. Kwenye meza za Unguja kwa upepo ule wa baharini sishauri mtu ajaribu.

---

Chuma_Moto

Naendelea na mawili yaliyobaki, na nyongeza kuhusu tamu.

Tamu kwanza. Haina yai wala nyama, kwa hiyo inahitaji kuiva mkate tu: dakika tatu mpaka nne, moto mdogo, pembeni mwa chuma. Nutella ina sukari nyingi, ikitoka kwenye mpasuko inaungua papo hapo na kuacha uchungu, kisha inabaki kwenye chuma na kuipaka piza inayofuata. Ndizi iwe mbivu lakini bado imeshikana, ikatwe unene wa nusu sentimita. Iliyoiva mno inageuka uji. Embe ni tatizo kwa sababu ya maji; liwe dodo gumu kidogo, vipande vidogo, konzi moja tu. Kabla ya kuagiza tamu, angalia kama anakikwangua chuma na kukipangusa. Asipofanya hivyo utakula chokoleti yenye harufu ya kitunguu na nyama. Hili ni kosa la kawaida mno.

Mzio: hapa sitanii. Nutella imetengenezwa kwa njugu za hazeli, na meza nyingi zinazouza tamu zinatumia pia siagi ya karanga. Chuma ni kimoja, mwiko ni mmoja, kisu ni kimoja, mafuta yanatembea juu ya chuma chote. Kumwambia muuzaji "usinitilie karanga" hakuondoi kilichokwisha kupakazwa. Mtu wa mzio mkali asile kwenye meza yoyote inayouza tamu, hata akiagiza ya nyama. Akale kwa wale wa Ng'ambo wasio na tamu kabisa, na bado aulize kuhusu mafuta yanayotumika na kama kuna kashata za karanga zinazokatwa mezani hapohapo. Dawa yake ya dharura iwe mfukoni, siyo hotelini.

Asiyekula nyama: aombe kibakuli kipya na uma mpya, maana vibakuli vinasuuzwa kwa maji ya ndoo moja usiku kucha. Piza ya mboga inashindwa kwa maji. Iwe kitunguu, pilipili boga na karoti iliyokunwa, kabichi isiingie, nyanya itolewe mbegu, chumvi itiwe mwisho kabisa kabla ya kukunja kwa sababu chumvi inakamua maji ya mboga. Pembetatu mbili za jibini (vile vipande vidogo vya kwenye boksi) badala ya moja zinasaidia kushikanisha. Kama hali mayai pia, jibini iwe tatu, na ajue itavunjika ikikatwa.

Baharini: pweza lazima awe amechemshwa tayari na kukatwa vipande vidogo vya kama sentimita moja; mbichi hawezi kulainika kwa dakika nane. Kamba na ngisi wanaiva haraka, na wakizidishwa wanakuwa mpira. Hatari haiko kwenye kupika, iko kwenye kukaa. Kile kilichopangwa mezani bila barafu tangu jioni, kikipata taa za kuwaka moja kwa moja, saa tatu usiku kinakuwa kimekaa kwenye joto saa nne au zaidi. Anayetoa kamba kutoka kwenye kasha la barafu mnunulie. Anayetoa kwenye mapambo ya mezani, agiza ya nyama iliyopikwa. Mayonezi ya chupa iliyo wazi juani nayo usiyaguse. Yaliyotengenezwa kwa mkono kwa yai bichi ndiyo mabaya zaidi.

---

Paje_Kusini

Kuhusu usiku wa Paje, niseme ukweli usiowapendeza watu wa huku kwetu: kula piza mjini, Paje iwe ya kuongezea.

Mosi, upepo. Kusi likivuma, pwani ya mashariki inaupokea wote. Mkaa unawaka kwa nguvu upande mmoja na kufa upande wa pili. Muuzaji asiye na ukuta wa bati kuzunguka jiko anapika nusu piza. Pili, wengi wamehamia gesi kwa sababu hiyohiyo ya upepo, na pete ya moto wa gesi ni ndogo kuliko chuma. Katikati panaungua, pembeni pamepoa, kwa hiyo ile kazi ya kusogeza aliyoieleza Chuma_Moto inakwama: piza ikisogezwa pembeni haiivi, inanyonya mafuta. Dawa ipo, kuweka bati nene au chuma cha pili chini ya chuma cha kupikia ili joto lisambae. Ukiona hivyo, huyo anaelewa.

Wakitaka kujaribu, wasinunue kwenye mchanga mbele ya hoteli. Waende upande wa kijijini, kwenye barabara kuu karibu na njia panda, wakati vijana wa kazi za hoteli wanatoka zamu. Hapo kuna mzunguko.

---

Mlo_wa_Jioni

Paje tumeelewana. La mwisho kabisa: wawili kati yao wanataka kujifunza kuipika nyumbani kwao, na jiko lao ni la umeme. @Chuma_Moto una vipimo?

---

Chuma_Moto

Vipo. Kwa piza kumi:

Unga wa ngano mweupe gramu 500, ule wa chapati, siyo wa keki wala uliotiwa hamira tayari. Chumvi gramu 10, yaani pungufu kidogo ya vijiko viwili vidogo vya sawasawa. Mafuta vijiko viwili vya kula. Maji vuguvugu mililita 290, ukianza na 270 na kuongeza kidogo kidogo, kwa sababu unga wa kila nchi unakunywa maji kivyake. Donge likamilike likiwa laini kuliko la chapati, linashika kidole kidogo na kuachia.

Kanda dakika kumi kamili kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema, halafu wanalaumu unga. Funika dakika 20, kisha gawa: madonge kumi ya gramu 65 na kumi ya gramu 17 kwa viraka. Yazungushe vizuri, yapake mafuta, yapange kwenye sinia lenye mafuta bila kugusana, funika. Saa mbili kwenye nchi ya baridi, saa moja kwenye joto letu.

Ukivuta donge likarudi nyuma, halijapumzika. Liache robo saa, usishindane nalo. Likitoboka hapa na pale, halikukandwa vya kutosha au unga wake ni dhaifu. Likinata na kuteleza bila umbo, maji yamezidi au limekaa mno. Matundu madogo chini ya kiraka hayana neno. Matundu nje ya kiraka yazibwe kwa kubana.

Cha ndani, kwa piza moja: nyama ya kusaga iliyopikwa ikakauka gramu 50, kitunguu kilichokatwa chembechembe kijiko kimoja na nusu cha kula, pilipili boga kijiko kimoja, yai moja la kisasa, jibini pembetatu moja iliyokatwakatwa, mayonezi kijiko kimoja cha chai kama mnayapenda. Bondeni_Mswahili atanuna, lakini kiasi hicho kinalainisha nyama bila kuleta maji. Mayai ya kienyeji ni madogo. Mawili kwa piza moja na nusu. Jumla ya mchanganyiko isizidi gramu 160. Ukizidisha, mkunjo haufungi, na katikati hakuivi kabla ya nje kuungua.

Jiko la umeme: tumia kikaango kizito cha chuma, kisicho na kuta ndefu. Kipashe dakika tano kwa moto wa kati. Kipande kidogo cha unga kikipata madoa ya kahawia kwa sekunde kama 30, tayari. Mafuta vijiko viwili vya kula kwa piza, nusu chini na nusu kumwagia kingo. Mikunjo chini kwanza, moto wa kati, sekunde 40. Kisha punguza moto chini kidogo ya kati na upike dakika tatu, geuza, dakika tatu nyingine, pandisha moto dakika ya mwisho. Kikaango hakina pembeni ya kupumzikia, kwa hiyo kazi ya kusogeza inafanywa na kitufe cha moto. Kati ya piza moja na nyingine pangusa mabaki. Makombo ya yai yaliyoungua ndiyo yanayoleta madoa meusi kwenye ya pili.

Samli badala ya mafuta inaleta harufu nzuri, na inastahimili moto tangu mwanzo.

---

Shangani_Usiku

Nyongeza moja kwa wale wanaopenda kubeba hotelini: boksi lisifungwe. Mvuke ukifungiwa dakika tano ganda lote linakwisha. Mwambie muuzaji asiikate, asimwagie tomato sosi juu, aiweke kwenye karatasi na kifuniko kiwe wazi, sosi na pilipili kwenye kifuko pembeni. Kuipasha tena ni kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande, halafu ndipo ikatwe vipande tisa. Na wawe na noti ndogondogo. Saa mbili usiku pale kila muuzaji anasema hana chenji.